Boya la seli: kutafuta hitilafu kolesteroli inapokataa kushuka

Ploti tunayokaa huku Umoja ina matangi sita meusi juu ya paa, na maji ya mfereji huja kwa mgao. Jumanne moja fundi aliitwa kwa sababu bomba la barabarani lilikuwa likifoka maji, mtaro umefurika, ilhali ndani ya nyumba mifereji ilikuwa mikavu. Sisi wapangaji tulisimama barabarani tukitazama mtaro na kulaumiana. Fundi hakusimama nasi. Alipanda paani, akafunua tangi la kwanza, akakuta boya limenaswa juu kwa ukoko wa chumvi. Tangi lilikuwa tupu, lakini boya lilikuwa likisema limejaa, kwa hiyo valvu ilifungwa na maji ya mtaa yakakosa pa kuingia.

Mimi kazi yangu ni ya maabara. Natoa damu, naendesha mashine, natoa majibu. Haipiti wiki bila mtu kuja kauntani na karatasi mbili mkononi, ya Machi na ya Juni, akiuliza kwa nini kolesteroli yake haishuki. Huwa nataka kumwambia: mzee, unatazama mtaro. Tupande paani.

Karatasi ya maabara hupima maji ya barabarani, yaani kolesteroli inayosafiri kwenye damu. Seli haioni karatasi hiyo. Seli huona kikombe chake kidogo cha ndani, na kwa kukitazama hicho tu huamua ivute kutoka damuni au isivute. Kwa hiyo kwa kila dalili iliyo hapa chini swali ni lile lile: boya linaona nini? Dozi na dawa ni za daktari wako. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kujua swali la kumpelekea.

(Kamusi hutaka tuseme lehemu. Nimejaribu. Kwa Mkenya lehemu ni ile ya kuunganishia waya wa redio, na mgonjwa mmoja aliniuliza kama amekula bati. Nitasema kolesteroli.)

Kwanza, boya lenyewe liko wapi

Kolesteroli si uchafu. Kila seli ya mnyama, iwe ya ng'ombe aliye kwenye foleni ya machinjio ya Dagoretti au ya mtu aliyepanga foleni kununua nyama yake, huihitaji katika utando wa nje ili utando usilegee mno wala kukakamaa mno. Seli ina njia mbili za kuipata. Inaweza kujitengenezea, ikianzia na asetati na kupitia hatua karibu 30 za vimeng'enya. Kimeng'enya kinachoamua kasi ya kazi hiyo yote kinaitwa HMG-CoA riduktesi. Tukiite pampu ya kisima. Au inaweza kuvuta kutoka damuni. Huko hupita chembe za LDL, kila moja ikiwa na molekuli kama 1,500 za kolesteroli iliyofungashwa. Juu ya seli kuna vipokezi vya LDL, ambavyo ni valvu ya barabarani. Kipokezi hunasa chembe, huzama nayo ndani, hushusha mzigo, kisha hurudi juu kutafuta mwingine. Safari moja huchukua dakika kama 10.

Pampu na valvu, vyote viwili, humtii bwana mmoja.

Bwana huyo hakai kwenye utando wa nje, ambako ndiko sehemu kubwa ya kolesteroli ya seli iliko. Anakaa ndani, kwenye utando uitwao retikulamu ya endoplazimu, wenye takriban asilimia 1 tu ya kolesteroli yote ya seli. Mara ya kwanza nilipofundishwa hili darasani nilidhani mwalimu amekosea. Nani huweka boya kwenye kikombe kando ya tangi? Lakini fikiria: ukiongeza ndoo moja kwenye tangi la lita elfu kumi, huoni tofauti. Ukiongeza kijiko kimoja kwenye kikombe, unaiona papo hapo. Utando wa nje una mafuta yanayoishika kolesteroli kwa nguvu. Inayozidi uwezo wao hubaki huru, na protini ziitwazo Aster huichukua na kuipeleka ndani. Kwa hiyo kikombe hujaa pale tu tangi kubwa linapoanza kumwagika.

Boya lina vipande vitatu. Kuna SREBP, mjumbe aliyefungwa kwenye utando huo. Kuna SCAP, msindikizaji wake. Na kuna INSIG, nanga. Kolesteroli ikiwa chini ya asilimia 5 hivi ya mafuta ya utando ule, SCAP huonyesha tiketi yake, ambayo ni kipande cha asidi amino sita tu, hupandishwa kwenye kifuko kidogo kama abiria wa matatu na kumsindikiza mjumbe mpaka kituo cha Golgi. Huko mikasi miwili humkata mjumbe. Kipande chake huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za pampu na za valvu kwa pamoja. Kolesteroli ikipita asilimia 5, inamshika SCAP, SCAP anajikunja, tiketi inafichika, nanga inamkamata. Hakuna safari. Nimechanganya matangi na matatu, mnisamehe, lakini nani anayeishi Nairobi bila vyote viwili?

Kinachonishangaza ni ukali wa mpaka huo. Haupungui polepole kama taa ya chemli. Huzima karibu kama swichi. Na INSIG ana kazi ya pili: mchanganyiko wa sterolu, yaani kolesteroli na jamaa zake, ukizidi, humburuta riduktesi akavunjwe. Kimeng'enya ambacho kingeishi saa 10 na zaidi hufa kwa muda usiofika saa moja. Ziada iliyobaki hufungashwa kuwa vitone vya mafuta, na ikiendelea kujaa, mfumo mwingine uitwao LXR hufungua mlango wa kutokea, ABCA1, unaoikabidhi kolesteroli kwa HDL, chembe nyingine za damuni, ziirudishe ini.

Ini ndilo Ndakaini ya mwili. Jina lenyewe la bwawa lina ini ndani yake. Mfano wangu una ufa hapa, bora niuseme: bwawa la Ndakaini hutoa maji tu, haliyanyonyi tena kutoka Nairobi. Ini hutoa chembe ambazo baadaye huwa LDL, na ini hilo hilo ndilo lenye valvu nyingi kuliko kiungo chochote za kuivuta LDL irudi. Boya la ini likikosea, mji wote unajua.

"Nimeacha mayai miezi mitatu, namba imekaa pale pale"

Huyu ndiye mgeni wangu wa mara kwa mara. Kwa kawaida ni mwanamume wa miaka 50 hivi, aliyekuwa mteja mwaminifu wa mayai pasua na kachumbari kila jioni akishuka stendi, na ameyaacha kwa uchungu. LDL ilikuwa 4.1, sasa ni 4.0 (namba zangu zote ni za milimoli kwa lita).

Yai moja lina miligramu kama 200 za kolesteroli, na utumbo hunyonya karibu nusu ya kolesteroli unayoipokea. Mwili wake hutengeneza nyingi kuliko hiyo kila siku. Alipokata mayai, kikombe kwenye seli za ini kilipungua kidogo, boya likashuka, pampu ikaongeza kasi. Ametoa kwa ndoo, kisima kimejaza. Kwa watu wengi hesabu hukaribia kulingana; wapo wachache ambao utumbo wao hunyonya sana, na hao mayai huonekana kwenye karatasi, kwa hiyo simruhusu mtu trei nzima kwa jina langu.

Swali langu linalofuata huwa la sufuria. Unapikia nini? Hapo mara nyingi ndipo hitilafu ilipo. Mafuta magumu ya kukata kwa kijiko, mafuta ya kando ya nyama choma, ngozi ya kuku, mutura: hayo yana mafuta yaliyoshiba, na mafuta yaliyoshiba hudhoofisha kazi ya vipokezi vya LDL kwenye ini. Tofauti na yai, hayaongezi maji kwa ndoo, yanafinya valvu. LDL hubaki barabarani. Mtu ameacha mayai, lakini chapati bado zinang'aa.

Upande mwingine kuna githeri. Nyuzi laini za maharagwe, na za uji wa shayiri, hushika asidi za nyongo tumboni na kutoka nazo chooni. Asidi za nyongo hutengenezwa kutokana na kolesteroli, kwa hiyo ini hulazimika kuchota kikombe chake kutengeneza nyingine. Kikombe kinashuka, mjumbe anasafiri, valvu zinafunguliwa. Kuna dawa za zamani kuliko statini (vidonge vya kolesteroli, nitavifikia), za unga wa kukoroga, zilizofanya kazi kwa njia hii hii. Ukiwa na chakula cha kulinganisha na dawa, ni hiki, si juisi ya ndimu na kitunguu saumu ambayo jirani yangu ananitumia kwenye simu kila Jumapili.

Na kahawa? Watu hucheka nikiuliza. Kahawa chungu ya birika, ile ya Majengo na Eastleigh inayochemshwa na tangawizi na kumiminwa kwenye vikombe vidogo, haichujwi kwa karatasi. Ina mafuta yaitwayo kafestoli, ambayo hulizuia ini kugeuza kolesteroli kuwa nyongo. Hiyo ni githeri kinyume: kikombe hubaki kimejaa, valvu hubaki zimebanwa. Arabika, ambayo ndiyo kahawa ya Kenya, inayo nyingi kuliko robusta. Vikombe viwili kwa wiki sivitilii maanani. Mlinzi wa usiku anayekunywa sita kila zamu, huyo namwambia.

"Mimi ni mwembamba, nakimbia, na bado LDL ni 7"

Hapa naacha mzaha. LDL ya 4.9 kwenda juu bila sababu nyingine, hasa kwa mtu wa miaka 20 au 30, inataka maswali ya ukoo kabla ya maswali ya sahani. Nani alikufa ghafla kabla ya miaka 55? Nyumbani huambiwa ni presha, au amelogwa, au alianguka tu. Tazama kano la kisigino: ni nene kuliko la mwenzake? Kuna vinundu juu ya kano za mkono? Kuna duara la kijivu kuzunguka mboni kwa mtu ambaye hajafika 45?

Sababu inayoshukiwa ni valvu yenyewe. Mtu amerithi jeni mbovu ya kipokezi cha LDL kutoka kwa mzazi mmoja, kwa hiyo ana karibu nusu ya vipokezi, na LDL yake huwa kama mara mbili ya kawaida. Si jambo la nadra kama tunavyodhani: duniani ni takriban mtu 1 kati ya 250. Anayerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ni wa nadra sana, na mtoto huyo anaweza kupata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 20.

Jinsi hitilafu hii ilivyopatikana ni somo la ufundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Dallas, Michael Brown na Joseph Goldstein walikuza seli za ngozi kwenye vyombo vya maabara. Seli za mtu mzima wa afya zikinyimwa LDL, pampu ilipanda. Zikirudishiwa LDL, pampu ilizima. Seli za wagonjwa waliorithi jeni mbili mbovu hazikujali. Pampu ilikuwa ikivuma mara 40 hadi 60 zaidi, LDL iwepo isiwepo. Mtu angesema haraka kwamba pampu ni mbovu, au boya. Nakumbuka nikisoma hapo nikasimama, kwa sababu nami ningesema hivyo.

Wao walipitia mlango wa nyuma. Walichukua kolesteroli, wakaiyeyusha kwenye ethanoli na kuimimina juu ya seli, kwa maana ikiwa hivyo haihitaji kipokezi ili kuingia. Pampu ya seli za wagonjwa ikazima vizuri kabisa. Kwa hiyo pampu ilikuwa nzima na boya lilikuwa zima. Kilichokosekana kilikuwa mlango wa mbele. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na maabara hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumfichua mjumbe SREBP na msindikizaji wake katika miaka ya 1990.

Uthibitisho kwamba ini ndilo mlango mkuu ulikuja mwaka 1984, pale mtoto wa miaka 6 mwenye ugonjwa huu nchini Marekani alipopandikizwa moyo na ini kwa pamoja. Ini jipya lilikuja na vipokezi vyake, na kolesteroli ya damu ikaporomoka.

Kwa mwenye jeni moja mbovu, statini husaidia, kwa sababu jeni nzima iliyobaki inaweza kuamrishwa itengeneze valvu zaidi. Kwa asiye na valvu hata moja, kuamrisha hakusaidii sana. Na kuna jambo moja ambalo karatasi haisemi: kila ndugu wa tumbo moja na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Nikimwona mmoja, huwa namwomba alete wengine, na huwa natamani ningekuwa na mamlaka ya chifu.

"Daktari ameongeza dozi mara mbili, imeshuka kiduchu"

Kabla ya kupanda paani: dawa inamezwa? Ninauliza kwa upole, kwa sababu statini haina maumivu inayoyatuliza, na mtu asiyehisi kitu huiruka kirahisi, hasa mwisho wa mwezi. Kama inamezwa kila siku, endelea kusoma.

Statini ya kwanza ilitoka kwa kuvu. Akira Endo, Mjapani, alipima aina kama 6,000 za kuvu akitafuta inayozima riduktesi, na mwaka 1973 akaipata kwenye ukungu wa rangi ya buluu na kijani, Penicillium citrinum. Dawa hizi huziba pampu. Watu wengi hudhani LDL hushuka kwa kuwa mwili unatengeneza kidogo. Sababu kubwa ni nyingine: pampu ikizimwa, kikombe cha seli za ini hukauka, boya hushuka, SCAP hupanda gari, na ini hufungua valvu mpya kwa mamia. Statini haifagii mtaro. Inaitia nyumba kiu.

Sasa tazama mtego. Mjumbe yule yule anayewasha jeni ya valvu huwasha pia jeni ya PCSK9. Hii ni protini inayotoka nje ya seli, hujibandika kwenye kipokezi cha LDL, na kipokezi kikizama ndani hakirudi tena juu, hupelekwa kuvunjwa. Kadiri dawa inavyoitia ini kiu, ndivyo ini linavyofungua valvu huku likiajiri mtu wa kuzing'oa. Na mjumbe huongeza pampu pia, ile ile ambayo dawa inajaribu kuiziba. Ndiyo maana dozi ya kwanza huonekana kufanya maajabu, kisha kila ukizidisha mara mbili unapata takriban asilimia 6 tu zaidi. Si dawa bandia wala si mwili sugu. Ni boya linafanya kazi yake vizuri kupita kiasi.

PCSK9 iligunduliwa kuwa na mkono katika jambo hili mwaka 2003, katika familia za Ufaransa ambazo protini hiyo ilifanya kazi kwa bidii mno na LDL ikawa juu sana. Baadaye watafiti wa Dallas wakauliza swali la kinyume, na jibu likapatikana kwa watu wa asili yetu. Wamarekani weusi kama 2 kati ya 100 walikuwa na jeni ya PCSK9 iliyovunjika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa umepungua kwa asilimia 88. Nchini Zimbabwe, katika kliniki za wajawazito, alipatikana mwanamke kijana aliyerithi jeni hiyo iliyovunjika kutoka pande zote mbili. LDL yake ilikuwa kama 0.4. Alikuwa mzima, na ana uwezo wa kuzaa. Siku mtu akikuambia LDL ikishuka chini ya 2 ubongo utakauka, mkumbuke huyo.

Kwa hiyo cha kumuuliza daktari ni kama kuna haja ya kugusa sehemu nyingine ya mfumo badala ya kuzidisha dozi ile ile. Ezetimibi huziba mlango wa utumbo unaonyonya kolesteroli ya chakula na ya nyongo, ini likapata mzigo mdogo na kiu zaidi. Sindano za kuzuia PCSK9 ziliidhinishwa Marekani na Ulaya kuanzia 2015, na zinafanya kazi vizuri sana. Bei yake ndiyo huwatoa watu kwenye kiti.

Jambo la kutaja wazi dukani na kliniki: kama unatumia dawa za virusi zenye ritonaviri, usimeze simvastatini. Ritonaviri huzuia ini kuivunja simvastatini, nayo ikirundikana inaweza kuharibu misuli. Zipo statini nyingine za kuchagua.

"Nilipona, nikaacha dawa, imerudi"

Hukupona. Boya lilikuwa limelazimishwa kukaa chini. Wakati wa dawa, seli zilirundika riduktesi nyingi iliyozibwa; dawa ilipoondoka pampu zote ziliamka pamoja, kikombe kikajaa, boya likapanda, valvu zikafungwa. Wiki chache zinatosha kurudi ulikokuwa.

"Kolesteroli juu, na siku hizi nasikia baridi hata Januari"

Uchovu, kunenepa bila kula zaidi, choo kigumu, ngozi kavu, sauti nzito. Pima tezi ya shingoni, kipimo cha TSH. Homoni ya tezi husaidia kuwasha jeni ya kipokezi cha LDL, na ikipungua valvu hupungua hata kama boya halina kosa. Nimewaona akina mama walioongezewa statini mara tatu kabla mtu yeyote hajauliza kuhusu baridi. Tezi ikitibiwa, LDL mara nyingi hushuka yenyewe.

"Mahali pa LDL kuna nyota tu, hakuna namba"

Hilo ni letu, watu wa maabara. Mashine nyingi hazipimi LDL moja kwa moja; huikokotoa kwa fomula ya Friedewald ya mwaka 1972: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi (mafuta mengine ya damuni) iliyogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi ikipita 4.5 fomula huanza kudanganya, kwa hiyo mashine hukataa kuandika. Omba LDL ipimwe moja kwa moja, au rudi asubuhi nyingine bila chai ya maziwa.

Ila trigliseridi ya juu nayo ina paa lake. SREBP ana ndugu, SREBP-1c, ambaye humsikiliza zaidi insulini kuliko kolesteroli. Soda, mlima wa ugali, insulini juu mchana kutwa, na ndugu huyu hulielekeza ini kutengeneza mafuta. Pombe huongeza kwa njia zake. Hapa kuacha mayai hakugusi kitu. Na kama trigliseridi ya juu imeandamana na mkojo wa mara kwa mara, pima sukari leo, usingoje kesho.

"Imeshuka yenyewe, bila dawa"

Usichinje kuku bado. Ulikuwa mgonjwa? Mtu huenda Busia kwa Krismasi, anarudi Nairobi na malaria, anapimwa wiki hiyo hiyo, LDL na HDL zimeporomoka. Nimonia hufanya hivyo, na hata mshtuko wa moyo wenyewe. Subiri miezi miwili baada ya kupona ndipo upime. Upande wa pili, kamba ya mkononi ikikazwa dakika nyingi mtoaji damu akitafuta mshipa, maji hutoka mshipani na kolesteroli huonekana imepanda. Ukiona imekazwa muda mrefu, sema. Mimi mwenyewe nimeshaambiwa.

Damu iko sawa, mtoto hayuko sawa

Hii sijawahi kuiona kwenye kaunta yangu, lakini ndiyo inayoonyesha kuliko zote kwamba mtaro si tangi. Mtoto alizaliwa na umanjano uliochelewa kuisha, bandama imevimba. Akifika shule anaanza kuanguka, mwandiko unaharibika, anasahau alichokijua mwaka jana, na macho yake hayawezi tena kupanda na kushuka haraka. Hugeuza kichwa kizima kutazama ngazi. Kipimo cha kolesteroli kinaweza kurudi kikiwa cha kawaida kabisa.

Ugonjwa unaitwa Niemann-Pick aina ya C. Valvu ni nzima, LDL inaingia vizuri, inafika kwenye lisosomu, ambayo ni stoo ya kupokelea mizigo, na hapo inakwama, kwa kuwa protini za NPC1 na NPC2 zinazopaswa kuitoa ni mbovu. Stoo inafurika. Kikombe cha boya hakipati hata tone. Seli iliyovimba kwa kolesteroli inapiga kelele za kiu, pampu inavuma, valvu zinazidi kufunguliwa, na kila kinachoingia kinarundikana stooni. Ini na bandama huvimba, na seli za ubongo hufa.

Kipimo changu cha kawaida hakina la kusema hapo. Daktari wa watoto huomba jeni zisomwe, au sterolu maalumu zipimwe kwenye damu. Zamani walichukua kipande cha ngozi, wakakuza seli zake na kuzitia rangi ya filipini, kisha wakazima taa na kutazama kwenye darubini: kila seli ilikuwa na vidoto vya buluu vinavyowaka pembeni mwa kiini, stoo moja baada ya nyingine.